Kabati Ulilolijengea Ukutani

Mpendwa mdogo wangu Nderitu,

Jumanne iliyopita alikuja dukani bwana mmoja kutoka ofisi ya afya, yule tuliyemngoja mimi nawe hadi tukachoka kumtaja. Amekuja miezi minane baada ya sisi kukuzika. Alikuwa na faili la kijani, koti safi, na viatu ambavyo havijawahi kuonja tope la Gakindu. Alisalimia vizuri, akakataa chai, akaomba kuona kabati. Nikampitisha nyuma ya kaunta, nikafungua kufuli la kwanza, nikafungua la pili, akaingiza kichwa ndani kama anayetafuta mtu aliyejificha humo. Akalitikisa kwa mikono miwili. Halikusogea hata kidogo. Akapitisha kidole kwenye saruji pembeni, akanigeukia na kusema, "Madam, hii kazi ni safi. Fundi alikuwa nani?"

Nikamwambia fundi alikuwa ndugu yangu. Akauliza yuko wapi, kwa sababu wana vituo vingine ambako makabati yamefungwa vibaya na angependa kumpa kazi. Nikamwambia alifariki. Akasema pole kama wafanyavyo watu wenye adabu, halafu akauliza ulikuwa ukiugua nini.

Nilichomjibu nitakuambia, lakini si sasa. Nikianza na hapo kalamu itatoboa karatasi. Wacha nianze mbali, tulikoanzia.

Unajua vizuri kwamba pale nyumbani wewe hukuwa mtoto. Kaka yetu Ndegwa alizaliwa akapewa jina la baba yake baba, kama desturi inavyotaka. Ukaja wewe, mvulana wa pili, ukapewa jina la baba yake mama. Tangu siku hiyo mama hakuwa na mtoto anayeitwa Nderitu, alikuwa na baba. "Baba, njoo unywe uji." "Baba, vaa sweta, kuna baridi." Ukivunja kikombe nachapwa mimi kwa kutokuangalia, maana ni nani atakayemchapa baba yake mzazi? Nawe ulijua. Ulikuwa na miaka sita na kiburi cha mzee mwenye ng'ombe wengi, unakaa kwenye kigoda cha babu, unaniagiza maji.

Sikukuchukia kwa hilo. Unakumbuka maziwa ya shule, zile pakiti za pembe tatu? Nilipolala wiki nzima na matubwitubwi, kila siku ulirudi na nusu pakiti ndani ya shati, imepashwa joto na tumbo lako, nyingine imeshaanza kuganda. Nilikunywa yote kwa sababu ulisimama hapo kunitazama. Sijawahi kumwambia mtu kwamba yalikuwa yameharibika.

Na Desemba, siku za kahawa. Tulichuma tangu ukungu haujatoka mtoni, tukabeba hadi kiwandani, tukamwaga juu ya magunia na kuketi kuchambua, nyekundu huku, kijani kule. Wewe ulikuwa mvivu wa kuchambua kuliko watu wote wa Mukurweini. Zile za kijani ulizochuma kwa haraka ulizisukuma polepole kwa goti mpaka zikaingia kwenye fungu langu. Karani akipita, mimi ndiye niliyeambiwa nirudie kazi. Nikikulalamikia unasema, "Wangui, wewe uko na macho mazuri. Yangu imechoka." Macho ya mtoto wa miaka tisa, ati yamechoka.

Lakini mikono yako haikuchoka kamwe. Nilipokuwa nikisomea dawa chuoni, nikirudi nyumbani nakuta umejenga kitu. Mara ukuta wa kuzuia udongo usishuke kwa mama, mara ngazi za mawe za kuteremkia mtoni. Ulikuwa ukishika jiwe, unaligeuza mara moja tu, unalikalisha, na halitikisiki tena. Nilipofungua duka la dawa pale sokoni, kemisti kama wateja wangu wanavyoliita, sakafu uliipiga wewe, kaunta ukaijenga wewe, na ukaanza kuniita Ndagitari mbele ya watu ili waniheshimu. Nilikuwa nikikukemea kwamba mimi si daktari. Ukajibu kwamba mwenye homa haulizi cheti.

Halafu ukaanguka kule Giakanja, kwenye ukuta wa nyumba ya mwalimu. Mbao ya jukwaa ilivunjika, ukashukia bega na mgongo. Hospitalini walikufunga, wakakupa tembe kali za maumivu za siku chache, wakakwambia upumzike. Ukapumzika kwa siku hizo chache. Tembe zikaisha, maumivu hayakuisha, mwalimu akawa anapiga simu kila asubuhi akiuliza nyumba yake itapauliwa lini. Ukaja kwangu.

Hapa ndipo ninapotaka watu wote watakaosoma barua hii wasome polepole. Nilikupa mimi. Hukuwa na karatasi ya daktari, nami nilijua inatakiwa karatasi ya daktari, kwa maana nimesomea hayo na leseni yangu iko ukutani kwenye kioo. Lakini ulikuwa ndugu yangu, ulikuwa umejikunja hapo kwenye benchi, na pakiti ilikuwa kwenye rafu hatua mbili kutoka mkono wangu. Nikakupa za wiki moja. Nikakupa za wiki nyingine. Ulirudi kazini, ukamaliza nyumba ya mwalimu, mama akaniombea baraka kanisani kwa kumponya baba yake. Nilikaa mbele, nimevaa kofia, nikapokea hizo baraka.

Nilipoanza kuona jinsi ulivyokuwa ukiomba, nikakunyima. Nikadhani kunyima ni tiba. Wewe ukaenda Nyeri mjini, ambako makemisti ni mengi na hakuna anayekujua ni mtoto wa nani, na huko kwenye majengo ukapata marafiki waliokuonyesha kwamba kuna kitu kingine kinachofanya kazi haraka kuliko tembe. Unga. Neno hilo lilikuwa la mbali kwetu, la watu wa pwani na wa miji mikubwa. Sisi huku tulijua pombe, tukajua vijana wanaolala mitaroni, tukadhani hilo ndilo shimo la chini kabisa.

Ninakukasirikia wewe pia, usidhani kifo kimekupa msamaha wote. Ninakukasirikia kwa bomba la mama la kunyunyizia kahawa. Uliliuza wakati wa mvua, wakati ule ule ambao kahawa inahitaji dawa, na mwaka ule matunda yakaoza mtini meusi, mti hadi mti. Jirani akauliza kwa nini mama hanyunyizii. Mama akasema amemwazima mtu. Nikamuuliza nikiwa naye jikoni, amemwazima nani, akanitazama kana kwamba nimemtukania mzazi. "Baba amelichukua," alisema. "Ni lake." Niliondoka bila kunywa chai.

Na ninakukasirikia kwa jinsi ulivyoomba msamaha vizuri. Mtu anayeomba msamaha vibaya ni rahisi kumfungia mlango.

Ni wewe mwenyewe uliyesikia habari za ile dawa ya maji. Ulikuja dukani umenyoa, umevaa shati la Jumapili siku ya Jumatano, ukaniuliza, "Ndagitari, unajua methadoni?" Nikakwambia naijua kwa vitabu tu. Inaondoa ile baridi ya mifupa inayomshika aliyekosa unga, inamtuliza mtu bila kumlevya, akapata nafasi ya kula, kulala na kufanya kazi kama watu wengine. Si muujiza. Ni dawa tu, kama ya kisukari au ya presha, inayotaka kunywewa kila siku. Na kila siku ndiko kulikotuua, kwa sababu aliyeturuhusu kuinywa aliiweka Nairobi.

Ukaenda. Nani mwingine angeweza? Alfajiri ulikuwa barabarani, asubuhi uko kwenye foleni, unameza, unageuka, saa nane umerudi Gakindu umepauka kwa vumbi. Siku iliyofuata, vivyo hivyo. Jumapili vivyo hivyo. Krismasi pia, ulimeza ukarudi ukakuta nyama imepoa. Ni fundi gani anaweza kujenga nyumba ya mtu kuanzia saa nane? Nilikuambia ukapange chumba karibu na kliniki, ukacheka. Ulisema nje ya lango la kliniki ndipo wanaposimama wale wanaouza unga, kwa sababu na wao wanajua wateja wako wapi.

Lakini ulinenepa. Mama alianza kukukatia ugali mkubwa. Ulijenga upya choo chake, polepole, mawe mawili matatu kila alasiri. Na siku moja ukiwa kwenye benchi langu ulinisimulia kitu ambacho sijakisahau hata siku moja. Ulisema ukishameza kile kikombe kidogo unakunywa maji, halafu muuguzi anakuambia useme jina lako, ili aone mdomo hauna kitu. Kila asubuhi. "Nasema jina ya baba ya mama kwa nguvu," ulisema, "mpaka wanacheka. Nikisema hivyo najua leo niko."

Mimi ndipo nikakasirika kikweli, hasira ya kufanya kazi nayo. Nilikuwa na duka. Nilikuwa na leseni. Wagonjwa ambao wametulia, ambao kliniki imewajua na kuwapima, wangeshindwaje kumeza kikombe chao hapa Gakindu mbele ya macho yangu, wakasema majina yao hapa, wakaenda shambani? Rafu yangu iliruhusiwa kuweka tembe zilizokufunga. Sikuruhusiwa kugusa dawa ya kukufungua. Nikaandika barua. Nikaandika ya pili. Ya tatu nikaipeleka kwa mkono Nyeri, nikapigwa danadana kutoka mlango huu hadi ule, kila mlango ukiwa na mtu anayesema faili liko kwa mwenzake aliyetoka kidogo. Mwisho dada mmoja wa masjala akanihurumia, akaniambia hawawezi hata kufikiria ombi langu kama sina kabati la chuma lenye makufuli mawili, lililofungwa kwenye ukuta usioweza kubomolewa.

Nilirudi nikakuambia nikidhani utakata tamaa. Ulipima ukuta siku hiyo hiyo.

Sijawahi kukuona ukifurahi kama ulivyofurahi wiki hiyo. Ulikuwa ukirudi Nairobi saa nane, unakula umesimama, unashika patasi. Ulitoboa ukuta, ukalikalisha kabati nililonunua, ukapitisha vyuma mpaka upande wa pili, ukamwaga zege, ukanikataza kulifungua siku tatu hata kujaribu. Wateja waliuliza ni la nini, nikawaambia ni la dawa za hatari. Wewe ukawaambia, "Ni la dawa yangu." Walicheka wakidhani ni mzaha wako wa kawaida. Ulipoweka pimamaji juu yake na kile kipovu kikakaa katikati kabisa, uliniita nije nione, kama ulivyokuwa ukiniita utotoni nikaone nyoka aliyekufa.

Tukaandika tena kwamba kabati liko tayari. Tukangoja mkaguzi. Alikuwa anakuja wiki ijayo. Alikuwa anakuja wiki ijayo kwa muda mrefu sana, Nderitu.

Halafu mvua ya Aprili ikabomoa barabara kule bondeni. Udongo ulishuka na miti yake, magari yakakwama pande zote mbili. Siku ya kwanza ulijaribu kuzunguka kwa miguu, ukarudi umelowa. Siku ya pili ulianza kupiga miayo na kutokwa machozi bila kulia. Siku ya tatu ulikuwa kwenye benchi langu umejifunika blanketi la mama, unatetemeka hadi chupa za kaunta zikawa zinagongana. Nilipiga simu kliniki. Muuguzi alinisikiliza mpaka mwisho, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeumia. "Dada, ningekuwa na uwezo ningekutumia sasa hivi. Hiyo dawa haiwezi toka hapa kwa mlango," alisema. Nikampigia mkubwa wake. Mkubwa wake alikuwa mkutanoni.

Wewe ulikuwa ukitazama kabati. Uliniambia, "Ndagitari, si ufungue tu tuone." Nikakwambia unajua hakuna kitu. Ukasema unajua, nifungue tu. Nikafungua makufuli mawili. Ulitazama mle ndani muda mrefu, rafu tatu safi, hata vumbi halijaingia kwa sababu mlango ulikaa vizuri. "Nilijenga poa," ulisema, ukafunga macho.

Ulipofika kliniki siku ya tano, walikuanzisha upya na dozi ya chini. Ndiyo sheria yao na ina sababu yake, nimeisoma, mwili uliokosa siku kadhaa hauwezi kupokea dozi kubwa ghafla. Siwalaumu kwa hilo. Nawalaumu wote waliofanya tope la siku nne liwe na nguvu kuliko matibabu ya mwaka mzima. Dozi ile ndogo haikukutosha. Ukavumilia siku mbili. Ya tatu ukaenda Nyeri mjini, ukasema umeitwa kazi. Mafundi wenzako walikukuta saa tano asubuhi kwenye chumba kisicho na paa, umeketi na mgongo wako umeegemea ukuta wako mwenyewe, pimamaji likiwa mapajani. Walidhani umepumzika. Mmoja wao alikuwekea chai pembeni.

Daktari wa hospitali aliniambia ukweli faraghani kwa sababu alijua kazi yangu. Ulitumia kiasi kile kile ulichokizoea zamani, na mwili ulikuwa umeshakisahau. Pumzi ilikatika. Kwenye karatasi ya mazishi waliandika kushindwa kupumua, jambo ambalo ni kweli kwa kila maiti.

Nilirudi nyumbani na hayo maneno kifuani. Nilitaka kuyasema. Mungu ni shahidi, nilikuwa nimekaa na kalamu, naandika historia yako ya kusomwa kanisani, ile ya kuchapishwa na picha mbele. Nilikuwa nimefika mahali pa kuandika ulivyokufa. Mama akaja akasimama nyuma yangu. Hajui kusoma vizuri lakini alijua nimefika wapi. Aliniwekea mkono begani.

"Wangui, usimwandikie baba yangu hayo maneno," alisema. "Baba yangu hakuwahi hata kunusa tumbaku."

Hakuwa akizungumza juu yako, au alikuwa akizungumza juu yenu wawili, sijui. Kwake jina ni moja. Aibu ikisomwa juu ya jina la Nderitu pale madhabahuni, atakuwa ameaibika mzee ambaye hayupo kujitetea, na atakuwa ameaibishwa na binti yake. Nikatazama ule mkono, wenye kucha zilizoingia utomvu wa kahawa usiotoka. Nikaandika, "Aliaga dunia baada ya kuugua kwa muda mfupi."

Muda mfupi. Miaka minne, Nderitu. Mzee wa kanisa aliisoma kwa sauti nzuri, watu wakatikisa vichwa kwa huzuni, na nina hakika nusu ya waliokuwa kwenye viti vile walijua, na nusu ya waliojua wana wao nyumbani wanaotetemeka. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakutujua sisi. Kifo kilikuja kutuumbua, tukakichapisha kwenye karatasi inayong'aa na kukifunika nayo.

Sasa nirudi kwa yule bwana wa Jumanne. Amesimama mbele ya kabati lako, mkono bado uko kwenye saruji, ameniuliza ulikuwa ukiugua nini. Mimi, Wangui, niliyeandika barua zote zile. Mimi niliyegonga kila mlango nikidai watu wetu wahesabiwe. Nilifungua mdomo na nikamjibu, "Aliugua kwa muda mfupi."

Ilitoka yenyewe, kama salamu.

Akasema pole tena. Akaketi kwenye benchi lako, akafungua faili, akaniambia kwa upole kabisa. "Madam, ombi yako ni nzuri. Duka iko sawa, kabati iko sawa, hata wewe uko sawa. Shida ni wagonjwa. Kwa rekodi zetu, huku kwenu hakuna mtu wa hiyo shida. Hata mmoja. Na dawa tunapeleka mahali watu wako."

Nilimwambia wapo. Nikamwambia mama zao wanakuja hapa, wanangoja duka liwe tupu, halafu wananiuliza kwa sauti ya chini kama nina kitu cha mtu anayetetemeka na si malaria. Akaniuliza majina. Sikuwa na ruhusa ya kutoa majina ya watoto wa wenzangu. Akauliza kama kuna aliyekufa. Nikanyamaza. Alikuwa ameshamsifu fundi wa kabati, ameshampa pole dada yake, na nilikuwa nimekufuta mbele yake dakika kumi tu zilizopita. Akafunga faili. Aliponiaga alinisifu tena kwa ile kazi ya ukuta.

Nilifunga duka mchana kweupe, jambo ambalo sijafanya tangu msiba. Nilimkuta mama shambani akipalilia. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, tangu tembe nilizokupa mpaka jibu nililotoa siku hiyo, na nikamwambia kwamba nitalisema jina lako hadharani, pamoja na kilichokuua. Alitupa jembe. Akaniambia nimekuja kumuulia baba mara ya pili. Nikamwambia kwamba wewe, baba yake, ulikuwa ukilisema jina hilo kila asubuhi mbele ya wageni, kwa nguvu, bila aibu, ndivyo ulivyokuwa ukijua uko hai. Hilo hakuwa amelijua. Hakuna aliyewahi kumwambia. Aliokota jembe akaendelea kulima akinipa mgongo, nami nikaenda zangu.

Ijumaa alikuja sokoni. Hakusalimia. Alipita nyuma ya kaunta, mahali ambapo hajawahi kupita tangu nifungue duka, akaliwekea kabati kiganja kama mtu anavyompima mtoto homa.

"Hii ndiyo alijenga?"

Nikasema ndiyo.

"Na hawa watu wanasema hakuna mtu?"

Nikasema wanasema hivyo.

Alingoja mpaka mteja mmoja akaja, akahudumiwa, akaondoka. Kisha akasema, "Andika jina ya baba yangu. Andika yote. Wasiseme hakukuwa na mtu." Akatoka, akaenda kununua sukari, kana kwamba hilo ndilo lililomleta.

Kwa hiyo hii ndiyo barua, mdogo wangu. Nakala moja ya niliyoyaandika hadi hapa nimeibandika mlangoni pa duka, na wengine wameshaanza kuvuka barabara ili wasionekane wakiisoma. Nyingine nimeipeleka Nyeri kwa mkono, nikagoma kuondoka mpaka igongwe muhuri. Nyingine nimempa mzee wa kanisa, yule mwenye sauti nzuri, nikamwomba asome na hii. Amesema atashauriana na wenzake. Nimemwambia nitakuja kuisoma mwenyewe, na kofia sitavaa. Kama leseni yangu itanitoka kwa yale niliyoyakiri hapa juu ya tembe, na itoke, lakini waje kuichukua kwa haraka ile ile waliyokuwa nayo katika kuja kukagua kabati.

Sina amani ya kukuachia. Kila nikifungua duka nakuona umekaa hapo na blanketi, na kila nikikuona nataka kumshika mtu shati, na aliye karibu kuliko wote huwa ni mimi. Nimekukosa. Nimekosa hata uvivu wako. Juzi nilimwona mtoto kiwandani akisukuma kahawa ya kijani kwa goti, nikajikuta nimesimama pale mpaka mama yake akaniuliza kama namdai kitu.

Jambo la mwisho. Daftari linalotakiwa kwa dawa za hatari nimelinunua, lile la jalada gumu, na leo asubuhi nimelifungua kwenye ukurasa wa kwanza. Mstari wa kwanza nimeandika Nderitu, fundi wa mawe, wa Gakindu, jina la baba yake mama. Kwenye safu ya ugonjwa sikuficha. Kwenye safu ya dawa nimeandika, hakupewa. Kisha nikaliweka ndani ya kabati lako, peke yake kwenye rafu ya katikati, nikafunga makufuli yote mawili. Akirudi yule bwana na faili lake kuniambia huku hakuna mtu, nitamfungulia asome.

Lala, fundi. Ukuta umeshika.

Ni mimi dada yako mkubwa,
Wangui, uliyeniita Ndagitari